Baba Mkwe Ananiwekea Tamthilia Kutoka Chumbani

Mshauri wetu, pokea salamu za msomaji wako wa siku zote, na kabla sijamwaga yaliyonijaa nakuomba usinicheke, maana jambo lenyewe ukilisikia juu juu utaona ni la king'amuzi tu, kumbe mwenzio linaninyima raha.

Mimi ni fundi cherehani, nashonea sebuleni karibu na dirisha, na tunaishi na baba mkwe ambaye kiharusi kilimlaza kitandani na kumwondolea kauli, mtu aliyekuwa akifoka mpaka paka anahama, leo hata jina langu hawezi kulitamka. Mume wangu, Mungu amjalie, hakutaka baba yake ashinde anatazama ukuta, akaleta fundi akatufungia vijisanduku viwili visivyo na waya, cha sebuleni kinarusha picha kutoka kwenye king'amuzi, cha chumbani kwa mzee kinaipokea, ikawa tunachotazama sisi ndicho anachotazama yeye. Ambalo hatukumuuliza fundi ni kwamba rimoti ya chumbani nayo inaamrisha king'amuzi chetu, kwa hiyo mpira wa kwanza ulipokolea tukajikuta tunafundishwa kufuga kuku, mume wangu akakipiga king'amuzi makofi, akamsema fundi asiyekuwepo, kumbe ni mzee kalala zake anabonyeza.

Sasa mchana tunabaki wawili, mimi huku, yeye kule, naingia na uji na dawa, nainamisha macho kama mkwe apaswavyo, natoka. Na mimi nina ugonjwa wa tamthilia ya alasiri, ambayo mzee alipokuwa mzima aliiita upuuzi, yeye mtu wa taarifa ya habari. Lakini siku hizi nina sare nyingi za kushona, mikono haishiki rimoti, na muda wa tamthilia ukifika chaneli inabadilika yenyewe, nikizama kwenye kazi sauti inapandishwa, matangazo yakianza inashushwa. Nilidhani ni bahati, nikamjaribu, nikaweka habari makusudi na kurudi kwenye cherehani, na haukupita muda akairudisha tamthilia. Mshauri, nililia mpaka nikaloanisha kitambaa cha mteja.

Tatizo ni kwamba mume wangu amechoka kugombania mpira, anataka kumnunulia baba yake king'amuzi chake, anasema, "Kila mtu atazame lake, mzee naye awe huru," na ndugu wote wamemsifu, nami siwezi kupinga jambo jema, lakini nikinyamaza naona napoteza mazungumzo pekee niliyo nayo na mzee, na nikisema naona haya, nitaanzaje kumwambia mtu kwamba mimi na baba yake tunaongea kwa chaneli? Tangu niolewe sijafanyiwa wema kama huu, nashukuru mpaka nakosa pa kuiweka shukrani yenyewe. Nifanyeje?

Ni mimi, Mshonaji wa Dirishani

MSHAURI ANAJIBU

Mshonaji, sikukucheka, ila pale kwenye kuku nilishindwa kujizuia. Pole kwa kuuguza, na hongera, una baba mkwe wa kujivunia.

Sasa nikuseme kidogo. Umenieleza mimi, nisiyekujua, wema wote wa mzee, na yeye aliyeutenda hujamwambia hata neno moja. Amepoteza kauli, dada yangu, hajapoteza masikio. Amelala pale anaisikiliza cherehani yako mpaka amejua lini umezama na lini umepumzika. Kuinamisha macho kulikuwa heshima alipokuwa na mdomo wa kukuita. Leo macho ndiyo aliyobaki nayo, na wewe unayakwepa.

Mumeo mwambie leo, akishakula, bila kuzunguka. Sema, "Baba huniwekea tamthilia yangu kila alasiri." Hatakuona mchoyo. Anahangaika huku na huku kumfurahisha baba yake na hajui kama anafanikiwa, basi mpe habari hiyo, ni haki yake.

Na hicho king'amuzi kisinunuliwe kwanza. Mmekaa kikao cha uhuru wa mzee na mzee mwenyewe hayumo! Ingieni wote wawili, muulizeni, atajibu kwa kichwa. Akitaka chake anunuliwe, na wewe usinune. Akikataa, mumeo avumilie kuku wake.

Lakini hata akikubali, mazungumzo yenu hayamo kwenye vijisanduku. Kazi za mkono, vifungo na pindo, usizifanyie tena sebuleni. Kila alasiri chukua kiti ukazifanyie kando ya kitanda chake. Siku ya kwanza mwombe rimoti, umwekee taarifa ya habari, umrudishie rimoti yake, utulie muitazame pamoja hata kama hujui waziri yupi ni yupi. Akiirudisha tamthilia, weka sindano chini, mtazame usoni, umwambie asante baba, kwa sauti.