Yale Mayai Hayakuwa ya Nguvu

Hamisi yakhe,

Salamu nilikupa Ijumaa pale kaburini, na dua nikakuombea, lakini lile nililokwenda kukwambia sikulisema. Mwanao Saidi alikuwa amesimama kando yangu, nikaona haya. Ndipo leo nimekaa na karatasi. Mwandiko wangu unaujua, nilisoma mpaka darasa la nne tu, basi usinicheke. Au cheka. Wewe ulikuwa ukicheka hata mahali pasipokuwa na la kuchekesha.

Habari kwanza. Uhuru tumepata. Bendera mpya, feri ni ile ile, na kusukumana pale kwenye feri ni kule kule. Minazi yako sasa anakwea kijana mmoja wa Mtongwe, anaangusha dafu na koroma pamoja, hachagui, ukimwita anajibu akiwa amefunga macho. Mkeo mdogo, Bi Zuhura, alimaliza eda akarudi kwao Kisauni, na nasikia keshaposwa. Mkeo mkubwa, Bi Mwanasha, yuko pale pale. Alikuwa hasemi nami tangu siku uliyomwoa Zuhura, na haki anayo, maana makosa ni yangu. Wewe hukujua. Hukujua mengi, Hamisi, na mengi ni mimi niliyekuficha.

Unaukumbuka mche wangu wa ndimu? Nilikuja kwako alfajiri na chupa, nikakwambia mzee mmoja wa Waa kaniambia mchwa wanaokula mizizi hufukuzwa na mkojo wa mwanamume mwenye afya, ule wa kwanza wa asubuhi. Ulicheka mpaka ukaushika mnazi usianguke. Kisha ukaichukua chupa. "Athumani," ukasema, "kama ni mkojo wa mwanamume, hapa ndipo kwa mwenyewe." Ukanijazia mpaka shingoni.

Mche ulikuwepo. Ule mkojo haukuufikia hata tone.

Ukweli ni huu. Hospitali ya ng'ambo ya feri walikuwa wamenipata na maradhi ya sukari. Walimwita mke wangu Fatuma wakamwambia yote mbele yangu, kama mtoto anayesemewa kwa mamake: asubuhi asipewe mahamri, asipewe muhogo, asipewe chai ya sukari. Apewe mayai, samaki, nyama kama ipo, na mboga. Fatuma akashika neno hilo kuliko alivyonishika mimi. Basi nilikuwa nakula yai langu moja kwa uso wa kufiwa, kisha napita kwako kukusalimu. Ulidhani napenda sana kukusalimu. Nilikuwa nafuata mahamri ya Bi Mwanasha, yale ya iliki, na mbaazi zake za nazi.

Tatizo ni kwamba kila mwezi hospitali walitaka niende na mkojo kwenye chupa. Kulikuwa na dresa mmoja, msaidizi wa daktari, mtu wa bara, mrefu, hana mchezo, anauchemsha na dawa ya buluu. Ukibaki buluu, umeshika masharti. Ukigeuka kijani, umeonja onja. Manjano, unadanganya. Ukiwa mwekundu kama tofali, wewe unajiua. Nikasema, nani Likoni nzima ana afya kunishinda? Nani anapanda mnazi na umri wake kama kijana? Nikakuona wewe.

Dresa alichemsha chupa yako mbele yangu. Sikuwahi kuona rangi ikikimbia vile. Ikapita kijani, ikapita manjano, haikusimama popote mpaka tofali. Akanitazama. "Mzee, huu ni mkojo ama ni asali?" Akamwita daktari, nikasikia wanataja sindano, ya kila siku, na tayari wananishika mkono. Hapo ndipo nikasema si wangu.

Matusi aliyonitukana siyaandiki. Lakini alipotulia akaniuliza mwenyewe ni nani, anafanya kazi gani. Nikasema ni mkwezi wa minazi. Akaiweka ile chupa chini taratibu. Akaniambia maradhi haya yakiachwa huingia miguuni, miguu inakufa ganzi, na mtu huyo siku moja atakuwa juu kabisa asijue kama amekanyaga au hajakanyaga. Akasema, mlete.

Nikuleteje? Nduguyo mkubwa walimvusha feri anaumwa tumbo, akarudi amevikwa sanda, nawe uliapa wallahi kule huendi ila umebebwa. Na ningekwambiaje najua una sukari? Ningeanzia wapi, na ile chupa?

Njia nzima ya kurudi niliitazama miguu ya watu kwenye feri. Nikakumbuka kuna siku uliniambia, umegeukia pembeni, kwamba siku hizi nyumbani umekuwa kama mgeni. Mambo ya chumbani hayaendi. Sasa nikaona mlango.

Nikaja nikakwambia kuna dawa ya nguvu za kiume, nimeipata kwa baharia. Mayai mawili kila asubuhi, na samaki au maini au pweza, na mchicha. Ila ina mwiko wake: mahamri, muhogo na sukari usivitie kinywani, vinaiua dawa. Ukauliza, hata sukari ya chai? Nikasema hasa hiyo. Ukaitazama sahani ya mahamri kama mtu anayemsindikiza ndugu yake safari ya Maka. Halafu ukasema tule sote, ikikuua wewe iniue na mimi.

Hilo sikulitarajia. Kwa hivyo Hamisi, wewe ndiye uliyeniponya. Fatuma alishindwa, hospitali walishindwa, lakini nisingeweza kukaa mbele yako nikitafuna hamri. Tulikaa ukumbini kwako kila siku, mayai ya kukaanga na kitunguu, changu wa kuchoma, na ile chai. Uliionja siku ya kwanza ukasema chai hii imefiwa. Na chupa uliendelea kunipa, ya mche. Nilikuwa navuka na mbili, yangu na yako, na dresa anazichemsha pamoja. Yako ikashuka manjano, ikaja kijani, na kuna siku ilibaki buluu kama bahari ya Shelly Beach, dresa akanipa mkono. Siku hiyo hiyo ulikuja kuutazama mche ukaukuta umekauka. Ukasikitika. Ukasema labda ulikuwa unanipa kidogo.

Na dawa ikafanya kazi, kumbe. Dresa alinieleza baadaye, sukari ikizidi humnyang'anya mwanamume hata hilo, na ikishuka hilo hurudi. Nilikudanganya nikaangukia kweli. Lakini wewe ungenyamaza? Uliwahadithia wote kwenye kahawa. Mayai yakatoweka Likoni. Kuku akilia tu kwamba ametaga, mtu anabisha hodi. Wanawake wakaanza kufungia matetea ndani. Kisha ukavuka ukaenda Kisauni ukamwoa Zuhura, na jioni ile Bi Mwanasha akaja akasimama mlangoni pangu, hakuingia. "Mume wangu alikuwa ametulia, Athumani," akasema. "Wewe ndiye uliyemwamsha." Akaenda zake. Tangu hapo yai halikuingia tena nyumba yake. Ulikuwa ukila kwa Zuhura, na mimi nakufuata huko.

Nilikuwa nakuona unakwea, vidole vya miguu vimeushika mnazi vizuri, najiambia bora nichukiwe. Nilikusudia kukwambia, wallahi, nangojea siku nzuri. Ikaja masika, kifua kikakubana, kila mtu anajua, na haikuwa sukari. Siku ile ya mwisho uliomba mayai. Nikayaleta. Hukuweza. Ukaniambia nile mimi, nami nikala, nawe unanitazama. Nilitaka kusema pale pale. Nikasema chumvi imezidi.

Basi nisikie sasa kwa nini nimeshika kalamu. Juzi baada ya Alasiri Saidi alikuja kwangu. Unajua ana mke hapa hapa Likoni, na kazi kule Changamwe, mtu mzima. Akaniamkia, akaniamkia tena, akaulizia kuku wangu mmoja mmoja. Mwisho akainama. "Ami," akasema, "ile dawa ya baba bado ipo?"

Nikamuuliza, unakunywa maji sana? Akasema anamaliza kata juu ya kata na kiu haiondoki. Nikamuuliza, sisimizi je, wanajaa kule unakokojoa? Akashangaa nimejuaje.

Jana asubuhi nikavuka naye. Kwenye feri nikamwambia yote, chupa, mche, baharia ambaye hakuwepo. Alicheka, Hamisi, kicheko chako kabisa, ameshika chuma cha feri, halafu kikageuka akawa analia, muuza karanga akatuletea maji. Dresa ni yule yule, ana mvi kidogo. Chupa ya Saidi ilisimama manjano. Akasema tumewahi, akampa masharti, yale yale. Mayai asubuhi, samaki, mboga, na mahamri ayasahau.

Lakini mkewe huenda kazini alfajiri, na Saidi hunywa chai ya asubuhi kwa mamake. Kwa mamake yai haliingii. Na sababu ya kutoingia ni mimi.

Kwa hivyo jana hiyo hiyo nikapiga hodi. Bi Mwanasha alikuwa anachambua mbaazi, hakuinua macho. Nikaketi bila kukaribishwa, nikasema. Sikuficha hata ile chupa. Nilipofika kwenye Saidi mkono wake ukasimama ndani ya ungo. Nikadhani analia.

"Kwa hivyo mayai yenyewe hayana nguvu yoyote," akasema.

"Hayana, shemeji."

Akatoa mbaazi moja mbovu, akaitupa.

"Basi uwezo alikuwa nao miaka yote. Kwangu mimi alikuwa mvivu tu."

Akainuka. Akamwita jirani dirishani amletee mayai, akakaanga ya Saidi akayafunika mpaka aje, na moja akaniwekea mimi, mara ya kwanza tangu harusi ile. Alikuwa amekasirika, lakini si kwangu tena. Na mimi, Hamisi, nilipaswa kufungua mdomo. Nilikuwa nalijua neno la dresa, kwamba ni sukari iliyokunyang'anya, hukuwa mvivu wala hukumdharau. Lakini alikuwa ameshika kikaango, na yai lilikuwa moto, na nilikuwa nimesamehewa sasa hivi tu. Nikala nikanyamaza. Umefika ahera na jina la uvivu, na ni mimi tena.

Kesho asubuhi nakwenda kula na Saidi, na nitakwenda kila siku mpaka aizoee chai ile. Na kesho hiyo hiyo, mamake akishakiweka kikaango chini, nitamwambia kilichobaki. Nakuahidi. Pumzika, ndugu yangu, Mungu akupanulie kaburi lako. Ikitokea nikaogopa tena, naye akakufikia huko kabla sijasema, usibishane naye. Mwambie ulikuwa mgonjwa na hukujua. Mimi nakuja nyuma, nitakutolea ushahidi.

Wako,
Athumani