Umbali wa 0.04

Jumatatu, 3 Novemba 2025. Mawingu tangu alfajiri, manyunyu kidogo saa mbili. Vumbi la mtaa wa Kiwanjani limelala.

Imefanya kazi! Wiki tatu za kuumiza macho, lakini imefanya kazi.

Watu wakilalamikia maji kwa SMS kwenye ofisi yetu ya maji, kila ujumbe tunaugeuza kuwa vekta, yaani safu ya namba 384, na kuuweka kwenye hifadhidata. Kisha fanksheni moja ya SQL, lugha ya hifadhidata, inapima umbali kati ya ujumbe mpya na jumbe za zamani. Sifuri ni pacha. Ikikaribia moja, hawajuani kabisa. Nimeweka kizingiti 0.15: chini ya hapo mfumo unauita ujumbe nakala, na kama ule wa kwanza ulishafungwa, huu nao unafungwa.

Malalamiko yaliyokuwa wazi yalikuwa 640. Sasa 58. Mutea, bosi wetu, alipiga meza kwa furaha. Wafadhili wanakuja Ijumaa na anataka mchoro mkubwa ukutani, kijani kwa kila lalamiko lililofungwa. Nimefurahi pia, sifichi.

Jumanne, 4 Novemba. Jua kali kabla ya saa tatu.

Sijala tangu asubuhi. Siwezi.

Mama mmoja wa kijiji cha Gotu, Jawahir, ameingia na chupa ya soda iliyojaa maji ya kahawia. Hajui Kiswahili, ni Kiborana tu, Hoda wa mapokezi ndiye alitafsiri. Akafungua kifuniko. Yallah! Harufu ilifika mpaka kwa Mutea ndani. Chini ya chupa kulikuwa na nywele.

Nyani. Upepo ulivunja mfuniko wa tangi, akatumbukia, akaozea humo. Watu wamekunywa kwa wiki tatu. Mto uko mbali. Mtoto wake Fahmo, miaka minne, yuko hospitali na dripu.

Nikamwambia Hoda amuulize kwa nini hawakuripoti. Jawahir aliniangalia kama mtu aliyeona kitu kichafu sakafuni. Akatoa simu. Jumbe saba! Wa kwanza tarehe 14 Oktoba.

Nimezitafuta. Zote saba zipo. Zote zimefungwa jana – na programu yangu. Nakala. Nakala ya nini? Ya ujumbe namba 118. Hoda akausoma polepole: galatoma, asanteni kwa bomba jipya.

Nimeenda kutapika nyuma ya ofisi. Si kwa sababu ya chupa peke yake. Mafundi wametumwa Gotu mchana.

Jumatano, 5 Novemba. Mawingu, hakuna mvua.

Nimepima kwa utaratibu. Jumbe 20 za Kiborana, kila moja dhidi ya nyingine. Jozi 190. Umbali mkubwa kabisa: 0.06. "Asante" na "kuna mzoga kwenye tangi": 0.04!

Nikafanya hivyo hivyo kwa Kiswahili. "Asante kwa maji" na "maji yananuka": 0.41. Mbali, kama inavyopaswa.

Basi ni hivi. Modeli inayotengeneza vekta haijui Kiborana. Inaona maneno mageni tu, inayatupa yote kwenye lundo moja, halafu fanksheni yangu inapima lundo na kusema hawa wote wamesema jambo moja. Na mimi je? Nilijaribu jumbe 50 kabla ya kukubali. Zote za Kiswahili na Kiingereza, kwa sababu lugha hizo ndizo mimi na Mutea tunasoma. Hakuna aliyemwita Hoda. Anakaa mita sita kutoka kwangu.

Hoda alicheka, lakini si cheko zuri. Alisema, "Kumbe mashine yenu ni kama mkwe wangu wa Meru asiyejua Kiborana. Ukimwambia nyumba inaungua anasema haya mama, asante."

Jumbe za Kiborana zilizofungwa ni 212. Nimempelekea Mutea orodha. Alikuwa anakula chapati na mayai, chupa ya Jawahir bado dirishani. Anatafuna tu! Alisema Gotu imeshughulikiwa, kwa hivyo tatizo liko wapi? Tumefunga asilimia tisini na moja, Ijumaa si mbali, nisiguse kitu mpaka wageni waondoke. "Na hiyo takataka itupwe, Kaari, inaniharibia chai." Kidevu kilikuwa kinang'aa mafuta.

Nilirudi mezani kwangu na orodha yangu. Hilo nalo linanichukiza.

Alhamisi, 6 Novemba. Mvua kubwa alfajiri, kisha jua.

Saa nne asubuhi nimezifungua tena zote 212. Mstari mmoja wa SQL. Fanksheni nimeinyima ruhusa ya kufunga chochote, inapendekeza tu. Mchoro wa kijani umegeuka mwekundu katikati.

Mutea alikuwa mjini kuchagua mahema ya wageni. Amepiga simu mara nne. Sijashika. Ameandika: "Madam, kesho tutajua kazi ni ya nani."

Hoda amenisomea mpaka saa kumi na moja, chai ikipoa. Tumefika ujumbe wa 40. Ishirini na tatu ni malalamiko ya kweli. Matatu yanataja harufu. Matatu! Nimewapigia mafundi mwenyewe.

Nyumbani nimewasha kompyuta. Saa tatu na dakika ishirini usiku ujumbe umeingia. Jawahir. Mrefu, wa Kiborana. Najua neno moja tu humo ndani: Fahmo. Limeandikwa mara mbili.

Nimepiga, simu yake imezimwa. Ya Hoda pia, kwao stima zimepotea tangu mvua. Nimejaribu kutafsiri kwa simu, imetoa upuuzi kuhusu ng'ombe na wiki.

Kisha mkono ukaenda wenyewe. Nikaandika swali la SQL, nikapima ujumbe huu dhidi ya namba 118. 0.04.

Asante, inasema mashine.

Nimefunga kompyuta. Nimeifungua tena. Nimempigia Hoda saa nne, saa tano, saa sita na nusu. Chupa ninayo hapa, niliiokota kwenye pipa la ofisi ili kesho niiweke mbele ya wageni. Nimeifunga kwa mifuko mitatu na bado inanuka.

Sasa ni saa nane kasorobo. Nalala.