Mshauri Niliyemkataa

Pazi, leo nimejiaibisha kwa washauri nasaha pale Rusimbi. Nimejiaibisha, ndugu yangu!

Alinipokea mshauri mmoja, binti tu, Zuhra. Nikamwambia, "Mjukuu wangu, mambo ya marehemu mke wangu siwezi kumweleza mtoto. Nitafutie mzee mwenzangu."

Akaniletea mzee, tena Muha wa Kalinzi kama mimi. Saa nzima, Pazi, nikajigamba kwake kwa vyeti vyangu vya shule ya jioni! Saa nzima! Mke wangu sikumtaja hata jina.

Mwisho akauliza, "Mzee mwenzangu, kwani umekuja kuomba kazi?"

Nikatoka. Zuhra akasema tu, "Babu, pole na msiba." Nikalia mbele ya watu wote waliokuwa wakisubiri.

Nimemwomba yeye anisikilize. Amenipa Jumatatu asubuhi. Nitaingia na uso gani, Pazi?