Mnara Kwenye Kilima cha Baba Mkwe

Jumatatu, 3 Juni

Uji umeungua kidogo. Mwanangu Bhoke kaunywa hivyo hivyo, mpaka puani. Nimefagia, nimeteka maji, nimeanika mtama. Halafu nikabaki nachungulia kichuguu.

Hapa kwetu mtandao unashika juu ya kichuguu kimoja tu, kile cha kando ya zizi la baba mkwe. Ukishuka, simu inakufa. Na baba mkwe kila asubuhi anakaa chini yake, anaota jua. Mke wa mtoto wake hawezi kusimama juu ya kichwa chake. Hata kuongea naye uso kwa uso siwezi, ndiyo adabu yetu. Nasubiri atoke na ng'ombe.

Mume wangu Chacha anapiga asubuhi, kabla hajaingia duarani, yaani shimoni. Yuko kwenye machimbo ya dhahabu upande wa Tarime. Leo baba mkwe alichelewa kutoka. Nilipopanda, mume wangu alikuwa ameshashuka chini ya ardhi.

Wakati wa Pasaka Chacha alikuja. Bhoke akamlilia kama kaona fisi. Chacha akacheka, lakini nilimwona amenyong'onyea. Tangu hapo simu zimepungua.

Nataka kitu kimoja tu. Mtoto amjue baba yake.

Alhamisi, 13 Juni

Mkutano wa kijiji. Serikali inataka kila kijiji kipate intaneti, hata sisi wa huku mpakani na hifadhi. Utajengwa mnara. Msimamizi wa mafundi, kijana mpole wa kutoka Mwanza, kasema tutaongea na watu huku tunawaona sura. Wanawake tukapiga vigelegele. Mzee mmoja akauliza kama wanaomdai nao watamwona. Watu wakacheka sana.

Wanataka kilima cha malisho cha baba mkwe. Kakubali pale pale. Nilikuwa nyuma kabisa, nimeinamisha kichwa, lakini moyo ulikuwa unaruka.

Chacha atamwona Bhoke akitambaa. Bhoke atamwona baba yake akicheka. Kila siku. Jikoni kwangu!

Jumanne, 25 Juni

Mafundi wamekuja na mashine. Wametoboa kilima, wakatoa udongo, wakautia kwenye vifuko, wakavifunga kwa gundi na kuviandika namba. Vikapakiwa kwenye gari kwenda mjini. Tulikuwa tunapalilia, majembe yote yakasimama. Mama mkwe akasema, "Udongo wetu umepanda gari, mimi sijawahi hata kufika Musoma."

Msimamizi kaeleza wanapima kama ardhi itabeba chuma. Sawa. Mimi nimemwamini.

Ijumaa, 28 Juni

Watu wengine hawajamwamini. Huku kila nyumba ina mtu wake machimboni. Na kila aliyefika machimboni anajua udongo unaofungwa kwenye vifuko vya namba unapelekwa wapi. Maabara. Kupimwa dhahabu.

Leo kisimani hakuna habari nyingine. Mnara ni geresha, wamekuja kutuibia. Nimesema labda ni mnara kweli. Jirani akanicheka, "Mama Bhoke wewe mume amekulevya, unaota simu tu."

Nimejitwisha ndoo. Ni kweli naota simu.

Jumamosi, 6 Julai

Chacha amekuja!

Nilikuwa nasonga ugali nikasikia kikohozi chake. Nikaacha mwiko ndani ya sufuria. Amekonda, ana vumbi mpaka kwenye kope. Ameniletea simu kubwa ya kupangusa, ya kwake ya zamani, kioo kimepasuka kona. Bhoke kalia, kajificha kwenye kanga yangu.

Furaha imenipanda kichwani, sikuuliza kwa nini kaja. Baadaye nikaona wenzake wanne pale nje, na sululu na makarai. Habari za vifuko zimefika Tarime. Kuna rashi, mbio za dhahabu, kwenye kilima chetu. Na pale mafundi walipotoboa ndipo wanapoanzia.

Jumatano, 10 Julai

Kilima kimejaa watu. Wametoka Kisaka, wametoka Natta, wengine siwajui. Kuna mama tayari anauza maandazi. Shimo la mafundi limepanuliwa mpaka halina umbo. Mafundi walipojaribu kuwazuia walitukanwa, wakapakia vyuma vyao wakaondoka. Hakuna aliyepigwa, namshukuru Mungu.

Baba mkwe naye kawageukia mafundi. Kasema kilima ni chake na mnara hautaki tena.

Nimemwuliza Chacha, "Na ule mnara?"

"Mnara wa nini, mke wangu? Tukipata dhahabu nabaki hapa hapa. Utaniona bure, bila bando."

Nikacheka. Halafu nikaenda nyuma ya nyumba nikalia. Dhahabu ikiwepo, mume wangu anabaki. Isipokuwepo, ataondoka, na mnara nao utakuwa umeshaondoka. Nimemwomba Mungu dhahabu. Mimi niliyekuwa namwomba mnara.

Jumapili, 14 Julai

Sijaenda kanisani. Wamesaga mawe, wameosha. Mwanamume mmoja kashika karai, wote wamemzunguka, hata maandazi yakasimama. Akazungusha, akazungusha. Maji yakatoka, mchanga ukatoka. Chini hakuna kitu. Wakarudia. Hakuna.

Chacha kaja nyumbani. Kaliweka karai chini, Bhoke akaenda mwenyewe akakaa ndani yake. Chacha akalivuta kama gari. Mtoto akacheka mpaka akapata kwikwi. Akaanza kudai, "Tena!" Kwa baba yake! Si kwangu.

Nimeangalia nikaumia. Ndiyo kwanza amemzoea.

Jumanne, 16 Julai

Wachimbaji wote wameondoka, kasoro Chacha. Hata mama wa maandazi. Kimebaki kilima kilichochimbuliwa.

Msimamizi karudi peke yake, kaongea na mwenyekiti. Kasema hana ugomvi na mtu. Lakini wiki hii mwenye ardhi akubali tena na mashimo yafukiwe, la sivyo mnara unapelekwa kijiji kingine, mbele ya Machochwe.

Chacha hataki kwenda kwa baba yake. Anaona aibu. Ni yeye aliyemhakikishia mzee kwamba ni dhahabu. Mama mkwe kasema, "Mimi na mzee tumenuniana tangu jana, usinitume." Nimekaa nikafikiri. Mimi siwezi kuongea na baba mkwe. Lakini Bhoke anaweza.

Nimembeba mpaka zizini. Nimesimama nje ya ua, nimempa mzee mgongo. Nikamketisha mtoto chini.

"Bhoke, msalimie babu. Mwambie shikamoo."

"Marahaba, mke wangu," mzee akamjibu mtoto. Ndivyo anavyomwita. "Mbona umekuja mapema? Umefukuzwa?"

"Bhoke, mwambie babu hujafukuzwa. Mwambie baba yako anarudi Tarime. Mwambie ukimkosa tena mpaka Krismasi utamsahau, utamlilia tena."

Ng'ombe mmoja akakojoa, nikasikia mpaka mwisho.

"Mke wangu," akasema, "mwambie mama yako nilichekwa na kijiji kizima. Mzee kukimbilia karai!"

"Bhoke, mwambie babu hata baba yako alikimbilia. Hata mama yako aliomba Mungu iwe dhahabu. Wote tumechekwa. Mnara ukienda kijiji kingine, na wale nao watatucheka."

Mzee akacheka puani. Sijawahi kumwambia maneno mengi hivyo, hata kupitia mtoto.

"Mke wangu, mwambie mama yako akakae kivulini, jua kali. Na amtume mume wake alete koleo. Mbili."

Ijumaa, 19 Julai

Tumefukia. Baba mkwe upande wa juu, mimi upande wa chini mbali, Chacha katikati. Majirani walikuja kutuchungulia. Mmoja akasema, "Mura, kijana wetu, unazika dhahabu?" Chacha akajibu, "Nazika aibu, njoo unisaidie." Akaja. Wakaja na wengine.

Msimamizi kapita akatazama. Kavua shati akashika koleo.

Jumapili, 21 Julai

Chacha kaondoka. Bhoke kamlilia. Safari hii kwa sababu anaondoka. Nimeona vibaya na nimeona vizuri.

Jumanne, 20 Agosti

Vyuma vinapanda. Nilimnyonyesha Bhoke huku naangalia juu, shingo ikauma.

Jumapili, 20 Oktoba

Mnara umewashwa. Una taa nyekundu juu. Simu inashika jikoni, inashika chooni, inashika kila mahali. Kichuguu kimeachiwa mbuzi.

Jioni Chacha kapiga ya video. Picha ilikwama kwanza, mdomo wazi. Halafu ikaja yote. Bhoke kaigusa pua ya baba yake pale kwenye ufa wa kioo. Akasema, "Baba." Kisha akaniletea karai, akalisukuma mbele ya simu. Anataka avutwe. Chacha aligeuza uso pembeni muda mrefu.

Nikasikia kikohozi nje. Baba mkwe. Hapiti mlango wangu, alisimama uani. Nikampa Bhoke simu, nikamsukuma taratibu. Akaenda nayo kwa mikono miwili, anayumba. Mimi nikarudi jikoni nikavuta mlango, nikaacha upenyo.

Mzee kaibandika sikioni.

"Baba," Chacha akasema, "naona sikio tu."

"Basi lisalimie."

Wakacheka wote watatu. Hata Bhoke, asiyejua kitu. Halafu mzee akauliza habari za duara, na kama anakula. Na Krismasi. Chacha akasema atakuja.

Nimeipua sufuria. Ugali umeiva. Sijawaita.