Mashine Iliyopima Avenyu Nzima

Jumatatu, 6 Mei

Foleni tena mlangoni kabla sijafagia. Mama kwenye kiti chake, mashine ya tension, ile ya kupimia presha, mapajani, majirani wananyoosha mikono mmoja mmoja. Wanamwita docteur. Anakataa jina hilo, lakini hakatai sana. Nimeshona sare za shule huku nasikiliza: douze-huit, douze-huit. Kumi na mbili kwa nane, yaani mtu mzima wa afya. Avenyu yetu haina mgonjwa hata mmoja. Ajabu ya Mungu.

Mashine aliileta kaka yangu Bahati wakati wa Pasaka, kabla ya kurudi kazini kwake, mji wa Baraka. Mgongoni imeandikwa Japon. Kwa mama hilo linatosha. Marehemu baba aliendesha lori la Kijapani miaka yote na halikumlaza njiani.

Alhamisi, 9 Mei

Maji ya ziwa yamefika kwenye choo cha jirani. Nimepandisha cherehani juu ya matofali.

Mama ameacha vidonge vyake vya tension. Nimevikuta kwenye kopo, havijapungua. Anasema dawa ni ya wagonjwa, na yeye mashine imemwona mzima. Infirmier, yule muuguzi, alimwambia ni vya maisha yote, nilikuwepo. Nimesema, nimerudia, nimechoka. Sikio la kufa halisikii dawa. Nimeandika hivyo na sasa naona vibaya kwamba nimeandika.

Jumapili, 12 Mei

Baada ya misa amekuja Papa Lukogo, jirani wa ng'ambo ya mfereji. Aligombana na mwanawe. Anahema, jasho, macho mekundu. Mama akampima. Douze-huit. Akaondoka amefurahi. Mimi sikufurahi.

Mama alipolala mchana, niliufunga mkanda wa mashine kwenye mchi wa kutwangia sombe, majani ya muhogo. Ukajaa, ukalegea. Douze-huit. Mchi wetu una afya njema.

Nilicheka peke yangu jikoni. Halafu nikairudisha mashine kabla hajaamka.

Jumanne, 14 Mei

Nimekwenda Kavimvira, mpakani, dukani kwa Deo, Bahati alikonunua mashine. Nilikuwa nimejiandaa kwa matusi. Deo hakubisha hata kidogo. Alisema vitu vyote vya dukani kwake vinatoka China, hata simu yangu ambayo haijawahi kunisumbua. Kule kuna viwanda vya kweli, na kuna vya kujaza maboksi tu. Na Japon? Hiyo karatasi inachapwa hapa hapa, nyuma ya douane, ofisi ya forodha.

"Bila Japon, muntu hanunui," alisema. "Minye nabandika tu, dada."

Kwa hiyo neno lililomfanya mama aache dawa limetengenezwa Kavimvira, mahali ninapokwenda kwa mguu. Alitaka kunipa redio badala yake. Nimemwachia redio yake. Namchukia. Lakini ningekuwa na Bahati siku ile, hata mimi ningeigeuza ile mashine nisome mgongo, na ningesema tuichukue.

Jumatano, 15 Mei

Nimemfungia mama mkanda kwenye mchi, mbele ya macho yake. Alizitazama zile namba kwa muda. Akaufungua mkanda taratibu, akaukunja, akauweka chini ya mto wake.

"Weye iko na wivu ya ndugu yako," aliniambia. "Tangu utoto."

Inauma kwa sababu si uongo wote. Bahati ndiye mboni ya jicho lake. Mimi ninayepika na kufua ni kama kizingiti, watu wanaruka tu. Ila leo si wivu, ni woga. Nimembembeleza mpaka amekubali kwenda centre ya santé, kituo cha afya, Jumatatu. Kabla ya hapo hapana, kuna maharage yaliyotoka Runingu ya kuchambua.

Vidonge amekataa. Majirani nimewaambia mashine imeharibika, wakapimwe kwenye centre. Papa Lukogo ameenda. Wengine wanasema nina roho mbaya.

Alhamisi, 16 Mei

Hakuna aliyekuja. Mama amekaa kwenye kiti chake mpaka jua likapanda. 

Ijumaa, 17 Mei

Kikombe kilimponyoka. Nikamwambia aache, nitaokota mimi. Hakujibu. Nilipoinua macho, mdomo wake ulikuwa umekwenda upande.

Pikipiki moja. Dereva mbele, mama katikati, mimi nyuma nimemkumbatia, maji ya barabarani yanaingia viatuni. Pale centre mashine yao ikasoma ishirini na tatu kwa kumi na tatu. Infirmier alipima mara mbili. Hakunigombeza. Afadhali angenigombeza.

Jumatano, 22 Mei

Tumerudi nyumbani. Mkono wa kulia wa mama umekufa. Mguu unajaribu. Maneno yanatoka vipande vipande, nayaokota.

Leo nilikuwa namlisha uji, nikamwambia Bahati yuko njiani, ila barabara ya Baraka imekatika. Akanishika kwa mkono ule mzima. Alihangaika sana kusema.

"Usimwambie," alisema. "Mashine. Usimwambie."

Basi alijua. Tangu siku ya mchi alijua. Angeweza kumeza kidonge siku ileile, lakini kukimeza kulikuwa ni kukubali kwamba mwanawe alidanganywa dukani. Nilipandwa na hasira nikatoka nje, nikasimama karibu na mfereji. Nilirudi uji umeshapoa. Nikaupasha moto.

Jumapili, 26 Mei

Bahati amefika, tope mpaka magotini. Amelia. Kisha amekaa kitandani kumkanda mama mguu, na mama amefumba macho. Anakanda vizuri kuliko mimi.

Jioni nilikuwa uani naosha vyombo. Akaja kukaa karibu nami. Alisema anamshukuru Mungu kwa jambo moja tu, kwamba alimwachia mama ile mashine. Alisema bila hiyo labda tungekuwa tumeshamzika. Akanitazama, anangoja.

Nikasema ndiyo. Akachukua kitambaa, akaanza kufuta sahani.