Mfagizi mmoja anatosha

Halfani, natoka kwa Nikolausi sasa hivi. Mkewe Natalia amewasimulia wakwe wa mjukuu wao habari za ile ofisi ya Mbulu, wakati wa Mwingereza!

Mzungu alitaka kupunguza gharama za usafi. Nikolausi na mkewe ndio walikuwa wafagizi. Nikolausi akajitapa: "Bwana, hapa mfagizi mmoja anatosha."

Mmoja anatosha! Alijua Natalia ndiye atakayerudi jikoni.

Mzungu akamwita Natalia. "Utaweza peke yako?"

"Nitaweza, bwana. Huyu hufuta dirisha moja, halafu anakaa kusoma."

Mzungu akamgeukia Nikolausi: "Basi mpe mkeo ufagio, uende nyumbani."

Wakwe wamecheka hadi machozi. Nikolausi, mzee mzima, akanyanyuka kwa hasira.

Natalia akamwambia, "Ukitoka funga mlango. Vumbi linaingia."