Pale Mama Yako Alipokuwa Akigonga

Mwanangu,

Chai iko kwenye chupa. Nimekwenda kutafuta kebo ya klachi. Karakana usiifunge, rangi haijakauka sawasawa.

~~Ile rangi ya kigari cha pembeni cha pikipiki ikwangue.~~ Iache. Umeipaka vizuri, mimi nisingeweza.

Asubuhi sikukukasirikia. Nilitoka ili usinione nalia, mzee mzima. Nilipapasa ubavu wa kigari nikitafuta ile mikwaruzo, nikakuta pamekuwa laini kama kioo. Marehemu mama yako alikuwa akikaa mle, na kila nilipokimbiza pikipiki aligonga bati kwa pete yake, maana kwa kelele za injini nisingemsikia akiniita. Miaka yote aligonga palepale. Wewe ulidhani ni uchakavu tu. Ungejuaje, na sikuwahi kukwambia?

Mkate malizia, mimi sina hamu.

Jumapili pikipiki ikiwaka, twende wote. Ukae kigarini. Pete yake iko kabatini, ndani ya kile kikombe kilichokatika mkono. Ivae.

Nikikimbiza, gonga.

Baba